Insha ya dhamira: acha kunisimulia kitabu, nimeshakisoma

Nikikaa kusahihisha insha za madogo wa tuisheni kuhusu dhamira, yaani wazo kuu ambalo mwandishi analijenga kitabuni, nyingi zinaanza hivi: "Dhamira ya kwanza ni mapenzi." Nukta. Afu anaanza kunipa stori mwanzo mwisho, nani kampenda nani, nani kalewa, nini kimechomwa, imeisha hiyo, anarukia "Dhamira ya pili ni uzembe" na stori ileile inaanza upya. Dogo, kitabu nimekisoma. Nataka kujua wewe umeona nini humo ndani.

Kwanza kabisa, "mapenzi" sio hoja, ni jina la kapu tu. Ndani ya hilo kapu unaweza kutupia nusu ya vitabu vyote ulivyosoma. Kabla hujaandika chochote ligeuze hilo neno liwe sentensi nzima, sentensi ambayo mtu akiisoma anaweza kukubishia. Chukua tamthiliya ya Ngoswe ya Edwin Semzaba, ambayo wengi tumekutana nayo sekondari. Ngoswe ni kijana katumwa na serikali kijijini kuhesabu watu, kufika tu kamwona Mazoea binti wa Mzee Mitomingi, kazi ikaanza kuyumba, mwisho wa siku karatasi za sensa zinaishia motoni kwa hasira za mzee. Sasa badala ya "dhamira ni mapenzi" andika hivi: mtu aliyepewa kazi ya umma akiichanganya na mambo yake ya moyoni, hasara haibaki kwake peke yake, inaangukia watu wote aliotumwa kuwahudumia. Hapo una kitu cha kutetea.

Na ukishakuwa na kitu cha kutetea maswali yanakuja yenyewe. Mwenzio atakwambia mbona aliyechoma ni Mitomingi, sio Ngoswe? Swali zuri sana hilo, usilikimbie, liingize kwenye insha. Mbona mzee hasira zake hazikuishia kwa kijana mwenyewe, karatasi zimemkosea nini? Mimi naona kwa Mitomingi karatasi na kijana ni kitu kimoja, serikali imekuja nyumbani kwake ikiwa na sura ya mtu anayemnyemelea binti yake. We unaweza kuona tofauti, sawa tu, ila aya kama hiyo ndo inamfanya msahihishaji aliyechoka ainue kichwa.

Ukitaja tukio usiliache linaning'inia. Kila ukimaliza kulitaja jiulize "kwa hiyo?" na jibu lake uliandike palepale. "Karatasi zinachomwa" ni tukio. Kwa hiyo? Kwa hiyo kazi yote imepotea. Kwa hiyo? Kwa hiyo serikali itapanga mambo ya kijiji kile bila kujua kina watu wangapi, na watakaoumia ni wanakijiji ambao hata hilo penzi haliwahusu. Ukifika kwa hiyo ya pili au ya tatu ndo umeanza kuchambua, kabla ya hapo ulikuwa unasimulia tu.

Vitabu vilivyojengwa juu ya historia vina mtego wake. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya 1969, inazungumzia Vita vya Maji Maji, na mwanafunzi aliyelipenda somo la historia akiiona tu anaanza kumwaga 1905 hadi 1907, Wajerumani, mashamba ya pamba, kurasa mbili nzima bila kugusa tamthiliya. Hiyo ni insha ya historia, peleka kule. Huyu Kinjeketile wa kitabuni ni kiumbe cha sanaa, kwahiyo mchambue kwa anachosema na kufanya jukwaani.

Na humo kuna utajiri bana. Yeye ndo anawapa watu maji wanayoamini yatawakinga na risasi, makabila yaliyokuwa hayaelewani yanaungana, afu yeye huyohuyo anaanza kuyatilia shaka. Mwishoni kashakamatwa, vita imeelekea kubaya, mwenzake Kitunda anamsihi akubali kusema maji yalikuwa uongo, na anakataa. Wengi hapa wanaandika "dhamira ni ushirikina" wanapita zao. Mi nakwambia simama hapo hapo. Kwanini mtu mwenye shaka akatae kukana? Kwasababu akikana, watoto watakaokuja wataambiwa wazee wao walikosea kupigana, wakati kilichokosewa ni kuyategemea maji, kuudai uhuru hakujawahi kuwa kosa. Sasa jaribu kuibana yote hiyo kwenye neno "ushirikina" uone kama inaingia.

Ukiambiwa utumie tamthiliya mbili, hoja tatu kila moja, usiandike insha mbili ndogo zilizogundishwa. Tafuta kinachozikutanisha. Hawa wawili mimi nawaona kama wabebaji, Ngoswe kabeba karatasi za serikali, Kinjeketile kabeba tumaini la watu, na wote mzigo ni mkubwa kuliko wao. Mmoja anautua njiani kwa ajili ya penzi, mwingine hautui hata akiwa kwenye minyororo. Sentensi kama hiyo ikikaa kwenye utangulizi, insha nzima inapata uti wa mgongo.

Fani, yaani ufundi wa mwandishi kama lugha ya picha na ishara, nayo msiitenge kana kwamba ni somo la jirani. Kitovu kwenye lile jina refu la Ngoswe, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ni lugha ya picha, uzembe umefungwa na penzi kama mtoto kwa mama yake. Maji ya Kinjeketile ni ishara pia, yanabeba imani na umoja kwa pamoja, na shida nzima ya tamthiliya iko hapo. Mstari mmoja wa namna hii ndani ya hoja ya dhamira unatosha.

Dondoo: nukuu fupi, na kama huikumbuki vizuri eleza tukio kwa maneno yako. Namba za kurasa za kubuni zinaonekana, hasa ukiandika uk. 112 kwenye kitabu chembamba kama daftari. Na zile notsi za kwenye magrupu ya WhatsApp, zisome ukitaka, ila darasa zima likileta sentensi moja, hadi kosa la herufi liko palepale, sisi tunacheka kwanza halafu ndo tunakata maksi.

Utangulizi usikuchoshe, maana ya dhamira kwa sentensi moja, majina ya kazi na waandishi, msimamo wako, twende. Ukimaliza soma sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake. Ukikuta zinaanza na "halafu" na "baada ya hapo", ujue umerudi kwenye stori, kata, anza na hoja.