Kutenga msitu wa vijiji vitatu: anzeni kwa miguu, kibao kije mwisho

Nimekuwa katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji chetu, mkoani Lindi, kwa miaka kumi na mmoja. Kila msimu wa kufyeka mashamba ya ufuta unapokaribia napigiwa simu na watu wa vijiji vingine. Swali lao ni moja: "Dada, na sisi tuna msitu, unakwisha. Tuanzie wapi?" Nimelijibu mara nyingi mno kwa simu, salio linakatika kabla sijafika katikati. Leo naliandika lote.

Mjue kwanza kwamba sheria iko upande wenu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inakipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji, kuutungia kanuni, kuulinda na kuuvuna. Wenzetu walianza hata kabla ya sheria hizo. Kule Babati, msitu wa Duru-Haitemba ulikuwa uchukuliwe na serikali kuwa hifadhi yake. Wananchi wakakataa, na kufikia mwaka 1994 vijiji vinane vilikuwa vinausimamia vyenyewe. Kiteto kuna Suledo, jina lililounganishwa kutoka Sunya, Lengatei na Dongo, na msitu wao wa pamoja ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Hapa hapa mkoani kwetu, vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, shirika la kimataifa la usimamizi wa misitu, kile kinachomhakikishia mnunuzi kwamba mpingo wake umevunwa kwa utaratibu. Mtu akiwaambia haiwezekani, mtajieni majina hayo.

Sasa kazi yenyewe. Watu wengi huanza na kibao. Wanachanga fedha, wanamwita fundi, wanaandika HIFADHI YA KIJIJI, USIKATE MITI, wanakisimika barabarani. Miezi sita baadaye kibao kimekuwa mlango wa banda la kuku. Anzeni na mpaka, na mpaka hauanzii ofisini. Unatembewa kwa miguu.

Sisi tulikuwa vijiji vitatu vinavyozunguka msitu mmoja, na kila kijiji kiliamini kinaujua mpaka wake. Tulichagua kutoka kila kijiji wazee wawili, wanawake wawili na vijana wawili, tukatembea wote pamoja siku nne. Narudia, pamoja. Kila kijiji kikitembea peke yake mtarudi na mipaka mitatu, na kila mmoja una mashahidi wake. Siku ya pili tulifika kwenye mti mkubwa wa mkongo ulio peke yake juu ya kichuguu, tukakwama. Mzee wetu alisema mpaka unapita hapo. Mzee wa kijiji cha mashariki hakujibu kitu. Alituongoza kama hatua mia tatu ndani ya vichaka, tukakuta miembe saba mikubwa imepangana, mawe ya mafiga, na makaburi manne yenye vigae vya bakuli juu yake. "Hapa nilitahiriwa," akasema. "Mwaka 1974 tulihamishwa na Operesheni Vijiji, tukaambiwa twende barabarani. Hatukuambiwa hapa si kwetu tena."

Mahame ya namna hiyo yapo karibu kila msitu wa kusini, na ndiyo yanayoua mipango mingi. Mtaalamu wa wilaya hayaoni kwenye ramani yake. Yakirukwa, siku moja mjukuu wa yule mzee ataingia na panga kulima "kwa babu", na kijiji kizima kitamuunga mkono. Sisi tulikaa chini ya miembe ile mpaka jioni. Tulikubaliana mpaka upite kwenye mkongo kama mzee wetu alivyosema, ila ukoo wa yule mzee uwe na haki ya kuingia kufagia makaburi, kufanya matambiko na kuokota maembe, bila kibali na bila malipo. Haki hiyo imo kwenye sheria ndogo zetu, imetajwa kwa jina la mahali. Tangu siku hiyo kijiji cha mashariki hakijawahi kutusumbua kuhusu mpaka.

Mkishakubaliana, pigeni alama ya rangi nyekundu kwenye miti ya mpakani na muandike kwenye daftari: kutoka mti gani, kufuata korongo gani, hadi jiwe gani. Mpima wa wilaya akija na GPS yake mtamkabidhi mpaka uliokwisha kuamuliwa. Asije yeye kuwa mwamuzi.

Hapo ndipo karatasi zinaanza. Angalieni kama kijiji chenu kina cheti cha ardhi ya kijiji. Kama hamna, ombeni kwanza, maana bila hicho kila hatua inayofuata itayumba. Kisha unakuja mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji: makazi hapa, kilimo hapa, malisho hapa, akiba ya watoto wetu hapa, msitu hapa. Kazi hii inahitaji timu ya wilaya, na timu ya wilaya inahitaji mafuta na posho. Hapa ndipo vijiji vingi husubiri mfadhili miaka na miaka. Ushauri wangu ni kupeleka barua ya maombi mapema, kupitia kata, ili ombi lenu liingie kwenye bajeti ya halmashauri kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai 1. Mkipeleka Agosti mtajibiwa kwa heshima kwamba fedha hakuna. Na diwani wenu awe na nakala mkononi, siyo ahadi mdomoni.

Ardhi ya kila kijiji inabaki ya kijiji hicho. Hilo liwekeni wazi tangu mwanzo, kwa sababu neno "pamoja" linawatia watu hofu ya kunyang'anywa. Kila kijiji kinatenga kipande chake kwenye mpango wake, halafu vijiji vinaandikiana makubaliano ya matumizi ya pamoja, jambo ambalo Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaliruhusu. Sisi tulikubaliana mambo matatu tu: doria ni ya pamoja, faini za makosa zinafanana, na mapato ya mti yanakwenda kijiji ambacho mti umesimama. Mwanzoni kulikuwa na wazo la kugawana kila kitu sawasawa. Lilizua kelele, kwa sababu kijiji kimoja kina mpingo mwingi na kingine kina mitondoro mitupu. Tuliliacha, na nafurahi tuliliacha.

Kila uamuzi lazima upite mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa miaka 18 na kuendelea, siyo halmashauri ya kijiji peke yake. Na hapa niseme kilichotugharimu mwaka mzima. Muhtasari wetu wa kwanza wa kutenga msitu ulirudishwa. Mkutano ulifanyika kweli, watu walijaa chini ya mkorosho mpaka wengine wakasimama, lakini karatasi ya mahudhurio ilikuwa na sahihi hamsini na moja. Wengine walikuwa wameondoka kuwahi ng'ambo ya mto kabla karatasi haijawafikia. Kwa aliyekaa ofisini, hao hawakuwepo. Siku hizi karatasi inakaa mlangoni na watu wawili, unaweka sahihi au dole gumba unapoingia, siyo unapotoka. Muhtasari unasomwa kwa sauti pale pale kabla mkutano haujafungwa. Nakala ni nne: ya kijiji, ya kata, ya wilaya, na moja ninayoitunza nyumbani ndani ya ndoo yenye mfuniko, mchwa wasiile.

Kuhusu sheria ndogo, naomba mnisikilize wanawake hasa. Rasimu yetu iliandikwa na wanaume sita na afisa mmoja, na kifungu cha tatu kilisema: "Ni marufuku kuchimba kitu chochote ndani ya msitu." Ilisomwa mkutanoni. Bibi mmoja, mwembamba, aliyekaa nyuma kabisa na mjukuu mapajani, akanyoosha mkono. "Na ming'oko?" Kimya. Wanaume walitazamana. Yeyote aliyekulia kusini anajua miezi ya njaa ilivyo, ghala likiisha na mahindi mapya bado machanga. Ming'oko, viazi vya porini, ndiyo inayolaza watoto wameshiba, na wanaoichimba ni wanawake. Kifungu kile kingepita, tungekuwa tumewafanya mama zetu wote wahalifu, na hakuna mwanamke angetuambia tena mkata mbao kapita wapi. Tulikifuta. Sasa kinasema ming'oko, uyoga, dawa na kuni zilizoanguka zenyewe vinachukuliwa bure kwa matumizi ya nyumbani, na anayechimba anafukia shimo. Taarifa nyingi za misumeno ya usiku tunaletewa na hao hao wachimba ming'oko.

Basi kabla ya kuandika marufuku yoyote, ulizeni: nani anaingia humu, mwezi gani, kuchukua nini? Hata wafugaji. Kwetu walianza kuja na ng'ombe wengi baada ya kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006, na tuliwaita kwenye mkutano badala ya kuwasema wakiwa hawapo. Walitaka njia ya kufika mtoni. Tuliwapa njia yenye upana uliopimwa, na wao wana mjumbe kwenye doria.

Wagumu kuliko wote ni waliokwisha kulima ndani. Ufuta umeleta fedha kwetu, sitaki kuudharau, umejenga nyumba za bati na kusomesha watoto. Lakini ufuta unapenda ardhi mpya, na ardhi mpya ndiyo msitu. Tulikuta kaya kumi na tisa ndani ya mpaka. Msiwafukuze mazao yakiwa shambani. Tuliandikiana na kila kaya: vuna msimu huu, kisha kijiji kinakupa eneo kutoka kwenye ardhi ya akiba, nalo tunakwenda kulionyesha kwa mguu kabla hujaweka sahihi. Kaya kumi na saba zilihama kwa hiari. Mbili zilichukua muda mrefu zaidi, na zilihama kwa sababu majirani zao kumi na saba walikuwa wameshapata pa kulima kweli.

Sheria ndogo zikipitishwa na mkutano mkuu zinapanda kata, kisha Baraza la Madiwani. Mpaka baraza liziidhinishe, faini yenu haina nguvu mahakamani, kwa hiyo msimtoze mtu hata senti. Jitahidini pia mfike hapo kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, ule wa kila miaka mitano kama wa 2019 na 2024. Mwenyekiti mpya anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado akataka kuanza mazungumzo upya.

Halafu kuna mpango wa usimamizi, na huo hauandikwi bila kuhesabu miti. Mnakata mistari iliyonyooka kwa dira, mnasimama kila baada ya umbali fulani, mnapima unene wa kila mti kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Vijana wetu walijifunza kwa siku mbili. Kazi hii inachosha, lakini inafungua macho. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia kuvunwa, na tulipojumlisha tuliona miti mikubwa imebaki michache kuliko kila mmoja wetu alivyodhani. Bwana mmoja aliyekuwa mkata mbao zamani alilitazama lile daftari muda mrefu, kisha akaomba kuingia kwenye doria. Yumo mpaka leo, na hakuna anayezijua njia za magendo kama yeye.

Kwenye doria, jambo moja la kushika. Tuliwahi kukamata gari lenye mbao za mninga. Dereva alikuwa na kibali cha usafirishaji, ila cha eneo jingine kabisa. Tulipiga simu, tukasubiri, na alfajiri gari likaachiwa kwa sababu sisi hatukuwa na maandishi yoyote ya kuonyesha tulichokikuta. Tangu hapo, kabla ya kumpigia mtu yeyote: andika namba ya gari, hesabu mbao moja moja, piga picha ya kibali na ya visiki, dereva na mashahidi wawili waweke sahihi. Kisha ndipo simu.

Mkishausimamia msitu kwa miaka mitatu, sheria inawaruhusu kuomba utangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Ombeni. Na kibao sasa kisimikeni, chenye majina ya vijiji vyote vitatu, maana hapo kila anayekipita atakuwa anajua kinasema nini.

Sisi mwaka wetu unaanza Mei, mvua zikiwa zimekatika na nyasi bado zina ubichi kidogo, moto unapita taratibu bila kupanda mitini. Namwandikia afisa misitu wiki mbili kabla. Kamati tatu zinakutana penye ule mkongo saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na fyekeo na dumu lake la maji, tunafyeka kinga moto kufuata rangi nyekundu mpaka korongoni, na mchana tunakula pamoja chini ya miembe ya mahame. Chakula huleta ukoo wa yule mzee.