Krediti za chuo ukiwa bado sekondari: kwa anayelenga udaktari wa mifugo Marekani

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaingia Kabete, chuo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Miaka mitano baadaye nilikuwa daktari wa mifugo. Watoto wetu hapa Minnesota hupitia chuo kikuu kwanza, kwa kawaida miaka minne, ndipo waanze minne mingine ya DVM, shahada ya udaktari wa mifugo. Safari hiyo yaweza kufupishwa kwa kupata tangu sekondari krediti za chuo, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kuelekea shahada, ila kwa mpangilio.

Hatua ya 1. Anzia mwisho. Chagua vyuo vitatu vya mifugo, nakili masomo ambayo kila kimoja kinadai kabla ya kujiunga. Orodha hazifanani.

Hatua ya 2. Chagua njia. AP ni somo la kiwango cha chuo linalosomwa sekondari, lenye mtihani wa Mei, alama 1 hadi 5. Ukiboronga mtihani, unanyamaza tu, hupeleki alama chuoni. PSEO, mpango wa jimbo la Minnesota, humpeleka mwanafunzi wa darasa la 11 au 12 kusoma masomo ya chuo chenyewe, karo na vitabu vikilipiwa na jimbo. Wazazi wakisikia bure, masikio huziba hapo hapo. Gredi ya PSEO ni ya chuo na haifutiki! C aliyoipata akiwa na miaka 16 itamsubiri kwenye VMCAS, mfumo wa maombi unaotumiwa na vyuo vingi vya mifugo, ambao hudai rekodi za kila chuo alichowahi kusoma.

Hatua ya 3. Aanze na uandishi, historia, saikolojia, takwimu. Akizimudu, biolojia ya mwanzo. Kemia ya kaboni asiiguse hata akibembelezwa, na biokemia ingoje chuo kikuu, maana vyuo vingi vya mifugo huitaka ya ngazi ya juu.

Hatua ya 4. Uliza kuhusu AP za sayansi. Kuna vyuo vinavyozikubali mradi rekodi ya chuo kikuu itaje somo na krediti zake. Vingine humtaka asome somo la juu zaidi. Uliza kwa barua pepe na utunze jibu.

Hatua ya 5. Muda uliookolewa uende kwa wanyama: kliniki, zizi la ng'ombe wa maziwa, makao ya mbwa waliotelekezwa. Anunue daftari leo. Kila siku aandike tarehe, saa alizofanya, wanyama aliowashika na jina la daktari aliyemsimamia. Fomu ya VMCAS itayauliza hayo, na kumbukumbu ya kichwani haitoshi.