Chuo kikifungwa ghafla: jinsi ya kupanga uongozi usikwame

Machi 2020 vyuo vikuu vya Tanzania vilifungwa kwa sababu ya korona, vikafunguliwa Juni 1. Takribani wiki 11 zilikatika katikati ya mwaka wa masomo. Hesabu za hapa zimepigwa kwa kufungwa kwa namna hiyo, ingawa hatua zenyewe zinafaa hata kwa mgomo au mafuriko.

Hatua ya 1: Andika nani anaamua nini, kungali shwari

Seneti, yaani chombo kikuu cha taaluma chuoni, haikai kila wiki, na karatasi zake hupanda kutoka idarani hadi kitivoni, kisha kwenye kamati, ndipo zifike mezani. Kwa hiyo Seneti na Baraza la Chuo wapitishe mapema waraka wa kurasa 2 unaoipa kamati ya dharura mamlaka kwa siku 60. Watu 7 wanatosha: Makamu Mkuu wa Chuo, naibu wake wa taaluma, mhasibu mkuu, mkuu wa TEHAMA, mshauri wa wanafunzi, mganga wa zahanati ya chuo na rais wa serikali ya wanafunzi. Wakifika 20, hicho tayari ni kikao kingine cha posho.

Taja mamlaka yenyewe: kusogeza mitihani, kubadili njia ya kufundishia, kuhamisha fedha kutoka kasma (fungu la bajeti) moja kwenda nyingine hadi kiwango kilichoandikwa kwa shilingi. Kutunuku shahada kubaki kwa Seneti.

Waraka wa aina hii huharibiwa na neno moja, "itashauri". Likibaki humo, kila jambo litarudi kwa Makamu Mkuu, naye atasubiri Seneti. Andika "itaamua".

Hatua ya 2: Hesabu walichonacho wanafunzi

Usitume dodoso la mtandaoni. Asiye na bando hatalijaza, nawe utapata takwimu za kupendeza zisizo na ukweli. Watumie viongozi wa madarasa: kila mmoja apewe majina yasiyozidi 25, vocha ya kupigia na maswali 4. Yuko wilaya gani? Ana simu janja au kitochi? Mtandao unashika saa ngapi? Kwa wiki anaweza kununua bando la kiasi gani? Majibu yawe mezani ndani ya siku 5.

Hatua ya 3: Gawa kozi mafungu matatu

Za nadharia ziendelee kwa mbali. Za maabara zitangulize nadharia, vitendo vingoje kufunguliwa. Za hospitalini na mafunzo kwa vitendo zisimame hadi hospitali na taasisi zinazowapokea wanafunzi zikubali. Anayegawa ni mkuu wa idara, kwa siku 3. Kamati isimfanyie kazi hiyo, kwa kuwa haijui kozi ipi inategemea darubini na ipi inategemea kitabu.

Hatua ya 4: Punguza uzito wa somo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Chuo hununua leseni za mikutano ya video, kumbe saa moja ya video hula mamia ya MB. Linganisha na sauti: dakika 10 zilizorekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni MB 2.4. Rekodi 3 kwa wiki, kwa wiki 12, ni kama MB 86 kwa kozi nzima. Ongeza slaidi za PDF zisizozidi MB 1 kila moja, na hata aliye kijijini anayepata mtandao usiku tu atapakua. Wenye vitochi wachapiwe makabrasha, yapelekwe kwa basi.

Mhadhiri akisoma slaidi neno kwa neno, rekodi hiyo haina kazi. Aeleze mfano mmoja, atoe swali moja, anyamaze.

Hatua ya 5: Kalenda mbili

Andaa ya kufunguliwa baada ya wiki 4 na ya baada ya wiki 12, zote ziwe na tarehe za mitihani. Zipeleke Bodi ya Mikopo mapema, maana bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, hufuata kalenda. Mkisogeza muhula kimya kimya, wanafunzi watarudi bila hela ya kula.

Hatua ya 6: Siku ya 45, kagua

Kila uamuzi wa kamati uwe na tarehe ya kuisha. Wakiomba siku 60 nyingine, walete orodha yote. Usio na tarehe ufutwe palepale, hata kama bado unawafaa baadhi ya wakubwa.