Jinsi ya Kuunganisha Mashirika Yanayowahudumia Watu Wenye Ulemavu Mombasa

Mama wa Mtongwe aliye na mtoto mwenye mtindio wa ubongo huweza kuvuka feri mara tatu katika wiki moja, leo kwa mazoezi ya viungo, kesho kwa kiti cha magurudumu, keshokutwa kwa habari za shule, na kila mlango anaobisha humtaka asimulie upya tangu siku alipojifungua. Mashirika yanayotaka kushirikiana yaanzie kwenye safari ya mama huyo kabla ya kukodi ukumbi wa hoteli kwa warsha.

Kaeni na walezi watatu au wanne, mwandike kila ofisi waliyokwenda, nauli waliyolipa na jibu walilopewa. Kisha orodhesheni nani anafanya nini katika kila kaunti ndogo kati ya zile sita, yaani Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Msizisahau taasisi za zamani kama Karakana za Bombolulu, zinazowapa kazi mafundi wenye ulemavu tangu mwaka 1969, wala Shule ya Wasioona ya Likoni, kwa kuwa zina ujuzi ambao mradi wa miaka miwili hauwezi kuujenga.

Kamati ya ushirikiano iwe na watu wenye ulemavu wenye kura, wala si wageni wa kupigwa picha. Hilo lina gharama, nayo iwekwe kwenye bajeti mapema: nauli ya tuktuk, posho ya msaidizi, malipo ya mkalimani wa lugha ya ishara. Mkutano unaofanyika ghorofani pasipo lifti umekwisha kuamua nani asihudhurie.

Kila familia ipewe mratibu mmoja, kutoka shirika lolote kati ya yaliyokubaliana, ambaye ndiye atakayepigiwa simu na ndiye atakayeulizwa jambo likikwama, kwani nahodha wengi chombo huenda mrama. Fomu ya taarifa nayo iwe moja. Hata hivyo, habari za afya ni siri ya mwenyewe, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeziweka katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo mweleze mhusika au mzazi wake, kwa lugha anayoielewa, ni mashirika gani yatakayoiona fomu na kwa sababu gani, ndipo aweke sahihi.

Kumpa mtu namba ya simu si rufaa. Shirika linalomtuma mtu liandike barua, lipange siku na lihakikishe kwamba amefika. Linalompokea lijibu ndani ya muda uliokubaliwa, hata kama jibu lenyewe ni kwamba haliwezi.

Viti vya magurudumu ndivyo vinavyopima ushirikiano kuliko kitu kingine. Mfadhili hupenda kugawa viti hamsini siku moja, vyote vya kipimo kimoja, huku mtoto wa miaka sita akizama ndani ya kiti cha mtu mzima, na mtu asiyehisi miguu akikalishwa bila mto unaofaa hadi apate vidonda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2008, lilitaja hatua nane, zikiwemo kumpima mtumiaji, kumrekebishia kiti, kumfundisha kukitumia na kukifuatilia kwa matengenezo. Gawaneni hatua hizo: mwenye fedha anunue, mwenye mtaalamu wa viungo apime, mwenye fundi atengeneze, na anayeijua mitaa afuatilie nyumbani. Mchanga wa Kisauni na chumvi ya hewa ya pwani havihurumii beringi, hivyo vipuri vinunuliwe pamoja na viti.

Jambo lingine la kufanya kwa pamoja ni usajili. Wengi hukosa kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu kwa sababu tathmini hufanyiwa hospitali ya umma iliyoidhinishwa, na kufika huko ni nauli. Zungumzeni na hospitali mpate siku maalumu, shirika moja lilete gari, jingine mkalimani, jingine wasaidizi wa kujaza fomu. Maelezo mnayowapa watu yafuate Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Vijitabu vya zamani viondolewe mezani.

Mkataba wa makubaliano uje baadaye, na kurasa mbili zinatosha. Utaje nani analipia nini na ugomvi utaamuliwaje. Nembo zitakazokaa kwenye bango zitajwe pia, maana jambo hilo dogo huvunja urafiki mwingi. Muhimu zaidi ni kifungu cha kuondoka: shirika ambalo fedha zake zinakwisha litoe notisi ya miezi mitatu, liwakabidhi watu wake kwa mratibu mwingine kwa ridhaa yao, na iandikwe nani atabaki na ufunguo wa stoo ya vipuri.