Kabla ya Mtihani wa Nadharia wa Leseni ya Malori Makubwa Uganda: Mambo ya Kuzingatia

Wengi wanaoomba kuongezewa daraja la malori kwenye leseni zao nchini Uganda, yaani CM kwa malori ya mizigo ya wastani na CH kwa malori makubwa, si wageni wa barabara. Wapo walioanza wakiwa taniboi, yaani wasaidizi wa dereva, wakazoea kusoma mlio wa injini na harufu ya breki kabla hata ya kushika usukani, na wapo waliokwisha kuendesha magari madogo kwa miaka mingi. Kinachowasumbua kwenye mtihani wa nadharia si ugeni wa kazi bali mazoea yake: mkono unajua la kufanya lakini mdomo hauwezi kueleza sababu, na baadhi ya yale ambayo mkono umeyazoea ni makosa kwa mujibu wa sheria. Maandalizi mazuri, kwa maoni yangu, huanza kwa kutenganisha mambo hayo mawili.

Suala la karatasi lisimalize muda wako, ila lisiachwe hadi asubuhi ya mtihani. Utahini wa madereva uko mikononi mwa Mkaguzi wa Magari aliye chini ya Polisi ya Uganda, naye ndiye anayetoa cheti cha umahiri kwa aliyefaulu. Leseni yenyewe huchapishwa na Uganda Security Printing Company, iliyochukua kazi hiyo mwaka 2021. Kwa kuwa ofisi hizi ni tofauti, na malipo hupitia mfumo wa URA, mamlaka ya mapato, jina lako lisomeke sawasawa, herufi kwa herufi, kwenye kitambulisho cha taifa, kwenye leseni uliyo nayo na kwenye hati ya malipo, kwa sababu mbele ya kompyuta Muhammad na Mohamed ni watu wawili.

Kuhusu cha kusoma, shikilia kitabu cha kanuni za barabarani na Sheria ya Usafiri na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 pamoja na marekebisho yake. Picha za maswali ya zamani zinazozungushwa kwenye simu zina faida ndogo kuliko sifa zake: nyingi hazionyeshi ni za mwaka gani, majibu yake huwa yamewekwa na mtu asiyejulikana, na mambo kama mwendo unaoruhusiwa au ofisi inayosimamia mizani ya kupimia malori barabarani yamebadilika. Anayesoma karatasi za zamani bado ataandika kwamba mizani iko chini ya UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, ilhali mamlaka hiyo imevunjwa na kazi zake zimerudishwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Tena, maandishi haya rasmi yako kwa Kiingereza, na aliyejifunza kazi kwa Kiswahili au Kiganda anapaswa kuketi mapema na mtu wa kumsomea sentensi ndefu za sheria polepole.

Sasa tuje kwenye mazoea. Kila anayepita barabara ya Malaba kwenda Kampala analijua hili: lori lililo mbele linapowasha indiketa ya kulia huku halikati kona yoyote, anayelifuata huelewa kwamba kuna gari linakuja na asijaribu kulipita, likiwasha ya kushoto, njia ni nyeupe. Ni lugha ya madereva na imeokoa watu, sikatai. Lakini kwenye karatasi ya mtihani indiketa ina kazi moja tu, kuonyesha dereva mwenyewe anataka kuelekea wapi, na uamuzi wa kulipita gari jingine ni wa yule anayelipita, kwa macho yake mwenyewe. Vivyo hivyo matawi ya miti yanayotupwa barabarani gari linapoharibika: jibu linalotakiwa ni pembetatu zinazoakisi mwanga, zikiwekwa umbali wa kumtosha anayekuja kwa kasi kupunguza mwendo, pamoja na taa za tahadhari. Usiku, katika barabara nyembamba kama ile ya msitu wa Mabira, trela lililosimama bila kuonekana ni ukuta, na majani mabichi hayaakisi taa ya mtu yeyote.

Zoea baya kuliko yote ni kuteremka mlima kwa fri, yaani bila gia, ili kuokoa dizeli. Hapa usikariri tu kwamba imekatazwa, elewa kinachotokea. Gari likiwa kwenye gia, injini yenyewe inalizuia, na breki zinasaidiwa. Ukiliweka huru, uzito wote unabaki juu ya ngoma za breki, zinapata moto, na zikishapata moto nguvu yake ya kukamata hupungua hata kama mguu umekanyaga hadi mwisho. Tena gia ya chini hairudi kwa urahisi gari likishachanganya mwendo. Ndiyo maana jibu sahihi la mteremko mrefu ni kuchagua gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, kutumia breki ya injini, na kukanyaga breki za miguu kwa vipindi pale tu mwendo unapozidi ule uliojiwekea. Wanaopita miteremko ya Kabale kuelekea Kisoro huijua habari hii kwa mwili. Agosti 2019 lori la mafuta lilishindwa kudhibitiwa kwenye mteremko wa Kyambura, wilayani Rubirizi, likagonga magari ya abiria na kulipuka, na watu wengi wakafa.

Breki za upepo ndizo zinazomtenga dereva wa lori kubwa na dereva wa kigari, kwa hiyo zitengee siku zake. Fuata njia ya upepo kichwani mwako: kompresa inaendeshwa na injini, inajaza matangi, na ukikanyaga pedali valvu inafungua upepo uliohifadhiwa ili uende kusukuma breki kwenye magurudumu. Kwa malori mengi presha ya kazi ni bari (kipimo cha presha) 7 au zaidi, na ikishuka hadi karibu na bari 4 au 5 taa au mlio wa onyo hutokea. Hapo hakuna cha kujadili, unasimama mahali salama. Mtahini anaweza kuuliza kwa nini gari lisilo na upepo kabisa haliwezi kusogea, na hapa ndipo wengi hukwama. Breki ya kuegesha hushikwa na springi yenye nguvu, na upepo kazi yake ni kuizuia springi hiyo isikamate. Upepo ukiisha, springi inashinda. Anayejua hilo ataelewa pia kwa nini trela lililokatika mipira yake ya upepo hujifunga lenyewe, na kwa nini ni hatari kukanyaga breki mara nyingi mfululizo, kwa kuwa kila mkanyago unatumia upepo ambao kompresa bado haijaurudisha. Usisahau maji: hewa iliyobanwa hutoa unyevu unaojikusanya chini ya matangi, na matangi yasiyo na kitoleo kinachojifungua chenyewe lazima yafunguliwe kila siku.

Kuna pia ule ucheleweshaji mdogo. Mafuta ya breki za gari dogo hufikisha nguvu papo hapo, lakini upepo huchukua karibu nusu sekunde kufika kwenye magurudumu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hukata mita 22 kila sekunde, maana yake mita 11 zimekwenda kabla breki haijashika, na hizo ni juu ya zile 22 au zaidi ulizotumia kuona hatari na kusogeza mguu. Ongeza kanuni moja ambayo haina ubishi: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kushika huongezeka mara nne. Mtahiniwa anayeweza kufanya hesabu hii kwenye karatasi chakavu hahitaji kukariri jedwali la umbali, na swali likija kwa mwendo mwingine atalijibu.

Uzito ni eneo jingine la hesabu, na kwa dereva wa kimataifa lina faini mlangoni. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima lenye ekseli, yaani mihimili ya magurudumu, saba, lakini kila kundi la ekseli lina kikomo chake: tani 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa ekseli mbili za nyuma za kichwa (gari linalovuta trela) zenye matairi mawili mawili, na 24 kwa ekseli tatu za trela. Kichwa cha kawaida na trela lake la ekseli tatu, basi, hakiruhusiwi kuzidi tani 50. Sheria inavumilia asilimia 5 kwenye ekseli, ila haivumilii chochote kwenye jumla. Chukua mfano wa lori linalopanda mizani ya Magamaga au Lukaya na kusomeka 8, kisha 18.7, kisha 24. Kundi la katikati limezidi lakini limo ndani ya uvumilivu, kwa kuwa asilimia 5 ya 18 ni 0.9, lakini jumla ni tani 50.7, na lori hilo limezidisha uzito. Wengi hujibu kwamba limepita. Mfano wa kinyume nao ni muhimu: lori lenye jumla ya tani 48 laweza kukamatwa kwa sababu mzigo umerundikwa mbele na ekseli za kichwa zimelemewa, na dawa yake ni kupanga mzigo upya, si kupunguza.

Kupanga kunakwenda na kufunga. Uzito wa mzigo peke yake hauuzuii kusogea. Ukipiga breki, mabati au vyuma vya nondo vinaendelea na safari, na wa kwanza kukutana navyo ni wewe uliye ndani ya kabini. Turubai hufunika, halifungi. Mikanda na minyororo ikaguliwe tena baada ya mwendo mfupi wa kwanza, kwani mzigo ukitikisika hujipanga upya na mikanda hulegea.

Kuhusu kukata kona, jua kwamba magurudumu ya nyuma ya trela hayafuati njia ya magurudumu ya mbele bali hukata ndani. Ndiyo maana dereva hutanua kulia kabla ya kuingia kushoto, na kwa Kampala nafasi inayobaki pembeni huchukuliwa na bodaboda kabla hujamaliza kuzungusha usukani. Jibu linalotakiwa lina sehemu mbili: toa ishara mapema, na tazama kioo cha kushoto tena wakati gari linaendelea kukata, si kabla tu ya kuanza. Kwenye kuvuka reli, usiingie mpaka uone kwamba trela lote litapata nafasi upande wa pili, na usibadilishe gia ukiwa juu ya reli.

Hata kama huna nia ya kuendesha lori la mafuta, soma alama za mizigo ya hatari. Umoja wa Mataifa umeigawa katika makundi tisa, na vimiminika vinavyowaka ni kundi la 3. Kibao cha rangi ya chungwa chenye 33 juu na 1203 chini kinasema petroli; 1202 ni dizeli. Namungoona, kwenye barabara ya mzunguko ya kaskazini mwa Kampala, Juni 2013, na Kigogwa, kwenye barabara ya Bombo, Oktoba 2024, malori ya petroli yaliwaka baada ya ajali na kuua watu, wakiwamo waliokuwa wamekuja kuchota mafuta. Swali la dereva afanye nini kwanza baada ya tangi kuvuja lina jibu la wazi: azime injini, azuie moto wa aina yoyote, awaondoe watu, kisha aite polisi na zimamoto. Tahadhari pia na kimiminika kinachojaza nusu ya tangi, kwani hupiga mawimbi na kusukuma gari mbele hata baada ya breki kushika.

Alama za kawaida zisikuchukulie siku nyingi: pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya, duara lenye ukingo mwekundu hukataza, duara la buluu huamuru. Wewe wa malori tazama zaidi zile zinazotaja urefu wa kwenda juu, uzito wa gari zima na uzito wa ekseli moja, kwa sababu hizo mbili za mwisho hufanana na huchanganywa.

Kwa ukaguzi wa kabla ya safari, jifunze ukiwa umesimama kando ya lori, si kitandani. Anza mlango wa dereva, zunguka upande mmoja hadi nyuma na kurudi kwa upande wa pili, ukitaja kwa sauti kila unachogusa na kasoro unayoitafuta: nati za gurudumu zenye michirizi ya kutu, maana yake zimelegea, tairi lililovimba ubavu, mipira ya upepo inayosuguana na chuma, kingi pini (pini inayounganisha trela na kichwa) iliyofungwa sawasawa na kufuli yake kuonekana. Mwombe taniboi akuulize «kwa nini» kwa kila kitu. Akikuchosha, mwache aendelee.

Usiku wa mwisho usisome sheria mpya. Fika mapema na nyaraka halisi pamoja na nakala zake, soma kila swali hadi nukta kabla ya kuchagua, na yale yenye neno «isipokuwa» au «kamwe» uyasome mara mbili. Ukifaulu na kukabidhiwa cheti cha umahiri, kisome hapohapo dirishani kabla ya kuondoka: jina, namba ya kitambulisho, na herufi za daraja, kwamba CH imeandikwa CH na si CM.