Jinsi ya kudai fidia ukiwa manusura wa dhuluma za kingono za wakati wa ghasia: mwongozo kwa walio Nakuru, Kisumu na Magharibi

Mwongozo huu ni wa mama, dada au ndugu aliyebakwa au kudhulumiwa kingono kwa njia yoyote wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wakati wa vita vya Mlima Elgon na operesheni ya jeshi ya Machi 2008, au kwenye misako ya polisi baada ya uchaguzi wa 2017. Unamfaa pia anayemshika mkono: binti yake, mchungaji, msaidizi wa kisheria wa mtaa.

Nianze na lililo gumu ili usipoteze nauli. Hakuna dirisha moja la serikali ambapo manusura wa 2007 na 2008 anajaza fomu na kulipwa. Tarehe 26 Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi mbele ya Bunge na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa miaka 3. Miaka ikapita bila Bunge kupitisha kanuni za kuugawa. Kwa hivyo mtu akija mtaani kwenu na "fomu ya fidia" ya shilingi mia mbili, usimpe pesa wala nakala ya kitambulisho. Kuandikisha ripoti polisi ni bure. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kueleza majeraha, hailipiwi. Kulalamika kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ni bure. Na kifungu cha 22 cha Katiba kinasema hakuna ada ya kuanzisha kesi ya kutetea haki za kimsingi.

Milango iliyo wazi ni polisi na wanaowasimamia, KNCHR, na Mahakama Kuu. Kote huko utaulizwa karatasi. Jambo hili lilionekana wazi katika kesi iliyofunguliwa Nairobi mwaka 2013 na manusura 8 pamoja na mashirika 4: COVAW, IMLU, ICJ Kenya na Physicians for Human Rights. Tarehe 10 Desemba 2020, Jaji Weldon Korir aliamua kwamba Serikali ilikiuka haki kwa kushindwa kuchunguza na kushtaki, akawapa wanne kati yao shilingi milioni 4 kila mmoja. Wanne wengine hawakupata kitu, maana mahakama haikuona kwamba makosa yaliyowapata yameunganishwa na Serikali. Maumivu yao hayakuwa madogo kuliko ya wenzao. Maswali yaliyoamua ni haya: aliyekutenda alikuwa nani, na je, uliripoti, ukafanyiwa nini uliporipoti? Yaweke kichwani unapoandaa kila karatasi.

Ikiwa kisa ni cha juzi, acha kusoma hapa kwanza. Nenda hospitali kabla ya saa 72 ili upate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, usioge, na nguo ulizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Nambari 1195 hupigwa bure, mchana na usiku.

Hatua ya kwanza: faili

Nunua faili ya kawaida na utie kila kitu kinachogusa siku ile: kitambulisho, kadi ya hospitali, nambari ya OB (ya daftari la matukio la polisi), kadi ya kambi ya wakimbizi wa ndani, barua ya chifu, risiti za dawa, kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kama alizaliwa kutokana na kisa hicho. Kama uliandikisha taarifa kwa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, TJRC, iliyopokea taarifa zaidi ya 40,000 kabla ya kutoa ripoti yake Mei 2013, andika mahali ulipoandikishia na mwaka.

Wengi huja na kadi ya mwaka 2008 iliyokunjwa mara nne ndani ya nailoni, wino wa bluu umefifia hasa pale kwenye mikunjo, jina la daktari halisomeki tena. Usingoje. Toa nakala tatu leo na uipige picha kwa simu. Ile halisi usimwachie mtu yeyote, hata afisa mwenye kofia: apewe nakala, aitazame halisi mbele yako, uondoke nayo. Na kama mume au wakwe hawajui yaliyokupata, nakala moja ikae kwa mtu unayemwamini nje ya boma.

Karatasi zilizopotea huombwa kwa barua. Kwa rekodi zako za hospitali, una haki chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kanuni zake zinataka ujibiwe ndani ya siku 7. Kwa rekodi za polisi na ofisi nyingine za umma, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: jibu hutakiwa ndani ya siku 21, unaweza kuandika kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika ni lazima asaidiwe na afisa husika. Unacholipia ni gharama ya kutoa nakala tu. Taja jina la zamani la hospitali, maana madaftari ya wakati ule yanalo. Jaramogi ya Kisumu ilikuwa New Nyanza Provincial General Hospital, na hospitali ya rufaa ya Nakuru wengi bado huiita PGH, yaani Provincial General Hospital. Barua yenyewe iwe fupi:

"Kwa afisa wa rekodi. Mimi, jina kamili, kitambulisho nambari fulani, nilitibiwa hapa kati ya tarehe 1 na 15 Januari 2008 nikitumia jina hili. Naomba nakala ya rekodi zangu zote za wakati huo, pamoja na daftari la wagonjwa wa nje. Zikikosekana, naomba mniandikie kwamba zilitafutwa na hazikupatikana. Nipigieni kwa nambari hii pekee."

Sentensi ya kukiri kwamba rekodi haipo ni ya thamani. Inaonyesha korti kwamba ulitafuta, na kwamba pengo si lako. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Siku 21 zikipita kimya, au ukikataliwa, una siku 30 za kuomba ofisi ya Ombudsman, CAJ, iliangalie upya jambo hilo.

Ambaye hakwenda hospitali wala polisi asikate tamaa. Barabara zilikuwa zimefungwa, na kwingine aliyetenda ndiye aliyekuwa na sare. Tafuta mtu wa kwanza uliyemwambia: jirani aliyekubeba, muuguzi wa zahanati, shangazi. Aandikiwe hati ya kiapo mbele ya wakili, aeleze alichokiona na alichokisikia kwako siku hizo, bila kutia chumvi.

Hatua ya pili: taarifa yako

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Iandike mara moja, vizuri, kisha utumie hiyo hiyo kila ofisi. Kusimulia upya kila dirisha kunaumiza, na kila usimulizi ukitofautiana kidogo, wakili wa Serikali atashika hapo hapo.

Tarehe zikikupotea, zishikize kwenye siku zinazojulikana. Matokeo yalitangazwa 30 Desemba 2007, na mkataba wa amani ukatiwa saini 28 Februari 2008. Mwaka 2017 uchaguzi ulikuwa 8 Agosti, matokeo ya urais yakatangazwa 11 Agosti, na marudio yakawa 26 Oktoba. "Usiku wa pili baada ya matokeo" ni jibu halali, na ni salama kuliko tarehe ya kubahatisha.

Eleza walikuwa wangapi, rangi ya sare, kofia, silaha, lugha waliyozungumza, gari, walikotokea. Walikuwa raia? Sema hivyo, kisha ueleze polisi walikuwa wapi na kama uliwaendea wakakufukuza. Afisa akikuambia "kwanza nenda ukamtafute aliyekufanyia hivyo", yaandike maneno hayo hayo, utaje kituo na siku.

Halafu andika hasara yote. Akina mama wengi huandika nyumba iliyochomwa na mahindi yaliyoporwa, na kubakwa hutajwa kwa mstari mmoja mwishoni. Mwaka 2008 Serikali iliwapa waliohamishwa shilingi 10,000 kwa kila kaya, na waliokimbilia kwa jamaa huku Nyanza na Magharibi wakasahaulika kwa miaka mingi. Pesa za kaya ziliandikwa kwa jina la mwenye kaya, na hakuna senti iliyohesabiwa kwa mwili wa mtu. Dai lako lisirudie mpango huo. Andika maumivu ya nyonga yanayokuzuia kubeba mzigo sokoni, fistula, dawa za virusi unazomeza kila siku, mimba, shule uliyoacha, ndoa iliyovunjika, kulala na taa ikiwaka. Mtoto aliyezaliwa aandikwe kama mdai kwa haki yake mwenyewe, pamoja na gharama za kumlea na kumsomesha.

Ndugu wanaume, nanyi mmo. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliandika juu ya wanaume waliotahiriwa kwa nguvu na kukatwa sehemu za siri huko Naivasha na Nakuru Januari 2008. Mkiandika "nilijeruhiwa" tu, mnahesabiwa na waliopigwa rungu.

Una haki ya kuomba uhojiwe na mwanamke, au na mwanamume ikiwa ndivyo utakavyokuwa huru zaidi, chumba chenye mlango, na mtu wako wa kukaa kando yako. Ukihisi pumzi inakata, simama, mrudi siku nyingine. Kwenye nafasi ya simu weka laini iliyosajiliwa kwa jina lako, usiweke ya mume wala ya chifu. Hapo ndipo ujumbe wa kesi utakapoingia.

Hatua ya tatu: polisi au IPOA

Makosa makubwa ya jinai hayafi kwa sababu ya miaka. Nenda kituoni, uulize dawati la jinsia, uandikishe, na usiondoke bila nambari ya OB. Isome kabla ya kutoka, maana mara nyingine ubakaji huandikwa "shambulio" au "wizi wa vitu vya nyumbani". Omba irekebishwe hapo hapo. Upewe P3, daktari aijaze akieleza makovu na madhara yaliyobaki. Aliyetibiwa 2017 aulize pia fomu ya PRC, ya hospitali kwa waliobakwa, ambayo hujazwa nakala tatu, moja ikiwa ya mgonjwa.

Aliyekutenda akiwa polisi, au polisi wakikataa kukuandikisha, nenda IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. Wana ofisi Kisumu, Nakuru na Kakamega, na nambari 1559 ni ya bure. Msiseme kesi za namna hii hazisogei. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha mashtaka ya uhalifu dhidi ya ubinadamu, ubakaji ukiwemo, juu ya maafisa wa polisi kwa yaliyotendeka Kisumu mwaka 2017.

Hatua ya nne: KNCHR

Ofisi zao zilizo karibu nasi ziko Kisumu na Kitale. Aliye Nakuru anaweza kuandikia makao makuu Nairobi. Unaweza kulalamika kwa mdomo, afisa akaandika. Wape taarifa yako na nakala za faili, uchukue nambari ya malalamiko. Tume hii ndiyo iliyoandika visa 201 vya dhuluma za kingono za uchaguzi wa 2017, kwa hiyo uliyezungumza nao wakati ule uliza kama jina lako limo. Agosti 2025 Rais William Ruto aliunda jopo la fidia kwa waathiriwa wa maandamano kuanzia 2017, likapingwa mahakamani na kusimamishwa kwa muda Septemba, hoja moja ikiwa kwamba kazi hiyo ni ya KNCHR. Mlango wowote utakaofunguliwa, mwenye nambari tayari hataanzia nyuma ya foleni.

Hatua ya tano: Mahakama Kuu

Mahakama Kuu inakaa Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma. Kinachofunguliwa ni ombi la kikatiba. Kanuni za 2013 zinaruhusu hata barua ipokelewe, lakini nasema wazi: usiende peke yako. Omba wakili kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, yenye ofisi Kisumu na Nakuru, au FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, Kisumu. Mnaweza kufungua kwa pamoja kama kikundi, au shirika likafungua kwa niaba yenu. Mwambie wakili aombe mtumie herufi badala ya majina, kama walivyofanya wale wanane.

Eleza mapema kwa nini umekawia. Sheria haijaweka mwisho wa miaka kwa madai ya haki za kikatiba, lakini jaji atauliza: vitisho, ugonjwa, kungoja ripoti ya TJRC, kungoja ahadi ya 2015. Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ni kali zaidi, miezi 2 tu, na kesi ya Mlima Elgon iliangukia hapo.

Usiombe pesa peke yake. Machi 2007, miezi tisa kabla ya ghasia, wanawake walikutana Nairobi na kutoa Azimio juu ya haki ya wanawake na wasichana kupata fidia. Walisema kumrudisha mwanamke alipokuwa hakutoshi, kwa kuwa hata huko hakuwa salama. Basi omba matibabu ya maisha katika hospitali iliyo karibu, ushauri nasaha, karo ya mtoto, uchunguzi ufunguliwe, na radhi iliyoandikwa.

Ukishinda

Hukumu haitoi pesa yenyewe, na mali ya Serikali haipigwi mnada. Wakili aombe korti cheti cha amri dhidi ya Serikali, akipeleke kwa Mwanasheria Mkuu na wizara inayohusika. Wasipolipa, arudi kuomba amri ya kumlazimisha afisa mhusika alipe. Sehemu hii huchukua muda mrefu, kwa hiyo kila unapobadilisha laini au kuhama, iandikie kila ofisi yenye nambari yako ya malalamiko, ukitaja nambari hiyo juu ya barua.