Jinsi ya kujifunza kesi ya jinai mahakamani ukiwa Tabora

Unayesoma shahada ya sheria ukiwa Tabora, hasa kama uko Chuo Kikuu Huria na unashinda na makabrasha nyumbani, una darasa la bure mjini. Mahakama husikiliza kesi hadharani, isipokuwa zinazosikilizwa faragha, kama nyingi za ukatili wa kingono kwa watoto.

Fika asubuhi mapema, usome orodha ya mashauri ubaoni. Hapa ndipo wengi hupoteza siku: wanafuata ukubwa wa kosa badala ya hatua ya kesi. Shauri la "kutajwa" huahirishwa ndani ya dakika chache. Kesi ya mauaji ikiwa bado kwa hakimu ndiyo usiseme, maana mshtakiwa hatakiwi hata kujibu mpaka ifike Mahakama Kuu. Tafuta la "kusikilizwa", hata kama ni wizi wa baiskeli. Zima simu, usirekodi, simama hakimu anapoingia.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, fungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ulichambue kosa. Wizi una sehemu kama hizi: kitu kinachoweza kuibiwa, si chako, umekichukua, kwa hila na bila madai ya haki. Kila sehemu ipe safu yake daftarini. Shahidi akizungumza, andika chini ya safu anayoigusa. Upande wa mashtaka ukifunga ushahidi huku safu moja ikiwa tupu, amua mwenyewe kama kuna kesi ya kujibu, yaani ushahidi unaotosha mshtakiwa kutakiwa kujitetea, kisha usubiri hakimu aseme.

Vielelezo, yaani vitu na nyaraka zinazotolewa kama ushahidi, vinataka umakini zaidi. Nyaraka ikishapokelewa lazima isomwe kwa sauti. Mahakama ya Rufani ililisema hilo katika Robinson Mwanjisi dhidi ya Jamhuri (2003). Isiposomwa, huondolewa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa, na kesi iliyoegemea hapo huanguka. Kwa maelezo ya onyo, yaani yale mshtakiwa aliyoyatoa polisi baada ya kuonywa kuhusu haki zake, andika muda mshtakiwa alipokamatwa na muda alipohojiwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inawapa polisi saa 4 za msingi za kumhoji tangu akamatwe, zinazoweza kuongezwa. Muda wa kumsafirisha, tuseme kutoka Urambo hadi Tabora mjini kwa ajili ya upelelezi, hauhesabiwi. Wanafunzi wengi huujumlisha na kukosa jibu.

Jioni ingia TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania ambayo ni bure, usome hukumu mbili tatu za Mahakama Kuu Tabora kuhusu kosa hilohilo. Ukinukuu kifungu, taja na toleo la sheria, la 2019 au la 2023, kwa sababu namba zinaweza kutofautiana.